Mguu umekufa ganzi baada ya upasuaji: bahati mbaya, au uzembe unaodaiwa fidia?

Mama ameingia hospitali akichechemea, kabadilishwa nyonga, katoka chumba cha upasuaji salama. Siku ya tatu anajaribu kusimama, mguu wa kulia unaburuta. Vidole haviinuki. Kandambili inamtoka mguuni bila yeye kujua. Anaambiwa ni ganzi ya dawa, itaisha. Wiki inapita, mwezi unapita, ganzi ipo palepale. Nyumbani kinakaa kikao. Mjomba anataka mahakama. Shangazi anasema haya ni mambo ya Mungu, tuyaache. Kijana wa chuo keshapekua simu na kugundua kwamba Marekani watu hulipwa mabilioni. Na mama mwenyewe, ambaye katika kikao chote hakuna aliyemuuliza kitu, anataka kujua jambo moja tu: mguu utarudi?

Mama huyu nimemtunga. Kikao sijakitunga, maana kinakaa kila siku katika nyumba zetu, na karibu kila mara kinaanza na swali lisilo sahihi. Wanauliza "tuwashtaki au tuwasamehe?" kabla ya kujua nini kimeumia, kimeumiaje, na kilifanyika nini baada ya mgonjwa kusema kwamba haisikii miguu yake. Hilo la mwisho ndilo nitakalolirudia zaidi, kwa sababu ndilo linalosahaulika.

Sheria nitakazozitaja ni za Tanzania Bara, na Kenya nitaigusa pale inapotofautiana. Zanzibar ina sheria zake na baraza lake la madaktari.

Neno "mshipa" linavyotuponza

Kiswahili chetu hapa kinatubana kidogo. Mshipa ni bomba la damu. Mshipa pia ni kano inayoshika msuli kwenye mfupa. Mshipa ni ngiri, na wapo wazee ambao ukiwaambia "mshipa" hawafikirii kingine. Halafu kuna mshipa wa fahamu. Mtu akisema "walinikata mshipa", daktari anaweza kuelewa damu, jirani akaelewa ngiri, na wakili akaandika kitu cha tatu kabisa. Kwa hiyo katika makala haya nitatumia neno neva, kwa maana ya mshipa wa fahamu peke yake.

Neva ni waya. Unapeleka amri kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo hadi kwenye msuli, na unarudisha habari za maumivu, joto, baridi na mguso. Ukitaka kuelewa namna unavyoumia, fikiria waya wa chaja ya simu. Kuna wakati umeukunja vibaya tu: ukiunyoosha, simu inachaji. Kuna wakati nje ni mzima kabisa, plastiki inang'aa, lakini shaba imekatikia ndani. Na kuna wakati panya kaula vipande viwili.

Neva nazo zina hali hizo tatu. Daktari Mwingereza, Herbert Seddon, alizipanga hivyo mwaka 1943 na mpangilio wake bado unatumika. Neva iliyobanwa au kuvutwa kidogo hurudi yenyewe ndani ya siku, wiki au miezi michache. Ile iliyokatikia ndani huku ganda lake likiwa zima inaweza kuota upya ndani ya ganda hilo, polepole mno, karibu milimita 1 kwa siku. Iliyokatwa vipande viwili haitarudi bila mpasuaji kuiunga, na hata ikiungwa mara nyingi hairudi kama ilivyokuwa.

Hesabu ya milimita 1 kwa siku ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Neva iliyoumia pembeni ya goti ina safari fupi, sentimita kumi na kitu hadi kwenye msuli unaoinua wayo, yaani miezi minne au mitano. Iliyoumia kwenye nyonga ina safari ya karibu sentimita 80 hadi mguuni. Hizo ni siku 800. Wakati huohuo, msuli usiopata amri huanza kusinyaa, na baada ya mwaka 1 hadi mwaka 1 na nusu unakuwa umeharibika kiasi kwamba hata neva ikifika haukuti kitu cha kuamrisha. Kwa hiyo mtu anayemwambia mgonjwa "subiri tu, itarudi" bila kumpima wala kumpa tarehe ya kurudi anacheza na saa ambayo haisimami.

Neva huumiaje chumba cha upasuaji

Watu hudhani njia ni moja: kisu. Ziko nyingi, na nyingine hazihusu kisu hata kidogo.

Mgonjwa wa rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, anaweza kutoka na sauti ya kukwaruza au ya kunong'ona, kwa sababu neva inayoendesha nyuzi za sauti inapita nyuma kabisa ya tezi ile, nyembamba kama uzi. Hata mikononi mwa wapasuaji wazoefu, wagonjwa wachache katika kila 100 hubaki na tatizo la kudumu. Aliyetolewa uvimbe mdogo pembeni ya shingo anaweza kushindwa kuinua mkono juu ya bega. Aliyeng'olewa jino la mwisho anaweza kubaki na ganzi ya mdomo wa chini au ulimi. Wa ngiri hupata maumivu ya kinena yasiyoisha. Wa nyonga hupata kile cha mama wetu.

Halafu kuna ulalo. Ukiwa usingizini nyumbani na mkono ukabanwa, unaamka, unaukung'uta, unageuka. Ukiwa kwenye nusu kaputi huamki. Kiwiko kilichokandamizwa kwenye ukingo wa meza kwa saa tatu, miguu iliyoning'inizwa vibaya wakati wa upasuaji wa kizazi, mpira uliokaza mkono au mguu ili kuzuia damu: vyote hivyo huumiza neva bila mtu kugusa wembe. Baada ya upasuaji kuna plasta ngumu, piopi kama tunavyoiita, ambayo ikikaza pembeni ya goti hubana neva iliyo juujuu ya mfupa. Na ipo sindano ya takoni. Neva kubwa kuliko zote mwilini inapita takoni, ndiyo maana wauguzi hufundishwa kuchoma robo ya juu kwa upande wa nje. Mtoto aliyechomwa pasipo pake anaweza kuondoka anachechemea.

Hapa niseme juu ya sindano ya mgongo, ile ya ganzi wanayopewa akina mama wanaojifungua kwa upasuaji. Nimesikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu kwamba mgongo wa fulani "uliharibiwa na ile sindano" miaka saba iliyopita. Uchunguzi wa kitaifa wa Uingereza uliochapishwa 2009 ulikuta kwamba madhara ya kudumu kutokana na ganzi za namna hiyo, ukiyajumlisha makundi yote ya wagonjwa, hayafiki hata mtu 1 kati ya 20,000. Maumivu ya mgongo baada ya ujauzito yana sababu nyingine tele, kuanzia kubeba mimba yenyewe hadi kubeba mtoto na ndoo za maji. Madhara ya sindano hiyo yapo, ila ni machache sana, na kesi itakayoanzia hapo bila vipimo itaishia hapohapo.

Kuumia si uzembe

Hili ndilo fundo lenyewe. Tairi la daladala linaweza kupasuka kwa msumari uliolala barabarani. Linaweza pia kupasuka kwa sababu ni kipara na mwenye gari anajua. Abiria aliyevunjika mguu maumivu yake ni yaleyale, lakini kisheria hayo ni mambo mawili tofauti. Mahakama haiulizi tu kama umeumia. Inauliza tairi lilikuwaje.

Katika lugha ya sheria, uzembe wa kitabibu una mambo manne, na yote ni lazima yawepo: daktari au hospitali iwe ilikuwa na wajibu kwako, wajibu huo uwe umekiukwa, ukiukwaji huo ndio uwe umesababisha madhara, na madhara yenyewe yawepo kweli. La kwanza halina ubishi, ukishapokelewa wodini wajibu upo. La mwisho unalo mguuni. Vita vyote viko katikati.

Wajibu umekiukwa lini? Sheria yetu ya madhara tumeirithi kutoka kwa Waingereza, na mahakama zetu bado husoma kesi zao. Kipimo maarufu ni cha kesi ya Bolam ya 1957: daktari hapimwi kwa kulinganishwa na bingwa kuliko wote duniani, anapimwa kwa daktari wa kawaida mwenye ujuzi wa fani ileile. Kama kundi la madaktari wenye sifa wangefanya alivyofanya, na kuna mantiki katika kufanya hivyo, si mzembe, hata kama wengine wangefanya tofauti na hata kama matokeo ni mabaya.

Ndiyo sababu kesi ya neva ni ngumu kuliko zile zinazotikisa magazeti. Novemba 2007 pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza linalofanana walibadilishana: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Machi 2018 Wakenya walishtuka kusikia Hospitali ya Taifa ya Kenyatta imefungua fuvu la mgonjwa ambaye siye. Katika makosa ya namna hiyo hakuna daktari atakayesimama aseme "hata mimi ningefanya hivyo". Neva ni jambo jingine. Ilikuwa palepale pa kupasuliwa, na hatari yake imeandikwa katika vitabu vyote. Upande wa pili utasema ni madhara yanayojulikana, na mara nyingi watakuwa wanasema kweli.

Na usababishi nao una mitego yake. Kijana kaanguka na bodaboda, kavunjika mkono wa juu, kawekewa chuma, katoka kiganja kinaning'inia. Familia inasema chuma kimekata neva. Lakini karibu mtu 1 kati ya 10 wanaovunjika mfupa ule huumia neva palepale barabarani, kabla ya kumwona daktari yeyote. Kwa hiyo karatasi muhimu kuliko zote inaweza kuwa ile ya mapokezi: kuna aliyeandika, kabla ya upasuaji, kwamba kiganja kinainuka? Ikiandikwa "kinainuka", kesi ina miguu. Ikiandikwa "hakiinuki", pengine haipo. Isipoandikwa kitu, hapo mawakili wanapata kazi. Vivyo hivyo mwenye kisukari cha miaka 15 ataulizwa kama ganzi ya miguu ilianza hospitali au ilikuwepo.

Vidole viwili vilivyokuwa vinne

Nilisema kwamba la muhimu ni kilichofanyika baada ya mgonjwa kulalamika. Kesi ninayoipenda kwa hili ni ya Cassidy dhidi ya Wizara ya Afya, Uingereza, iliyoamuliwa 1951.

Mtu alikwenda hospitali kwa sababu vidole vyake viwili vya mkono mmoja vilikuwa vimejikunja. Akapasuliwa, mkono ukafungwa kwenye ubao kwa siku 14. Siku hizo alilalamika maumivu makali, tena na tena. Akapewa dawa za maumivu. Ubao haukufunguliwa. Ulipofunguliwa, vidole vinne vilikuwa vimekakamaa na mkono hauna kazi. Hospitali ikasema: tuonyeshe ni nani kati ya watumishi wetu alikosea, na kakosea nini.

Jaji Denning akaligeuza. Mgonjwa, alisema, ana haki ya kusema hivi: nilikwenda kuponywa vidole viwili, nimetoka na vinne na mkono umekufa, jambo hili halitokei pale watu wanapokuwa waangalifu, basi lielezeni kama mnaweza. Hawakuweza. Na kwa kuwa waliomhudumia wote walikuwa wa hospitali, hospitali ililipa bila yeye kulazimika kumnyooshea kidole daktari huyu au nesi yule.

Mambo mawili yanatoka hapo. Kwanza, kwa kawaida unaidai hospitali, kwa sababu mwajiri hubeba makosa ya mwajiriwa akiwa kazini. Pili, na hili nalitilia mkazo: upasuaji unaweza kuwa haukuwa na kosa lolote, na uzembe ukaja baadaye. Neva ikibanwa na damu iliyovilia au na piopi, mara nyingi ipo nafasi ya kuiokoa, saa au siku chache. Mgonjwa aliyesema Jumatatu asubuhi kwamba hasikii vidole, akaja kuangaliwa Ijumaa, ana hoja nzito kuliko yule anayesema tu "walinikata". Ndiyo maana ningemwuliza mama wetu, kabla ya kitu kingine chochote: ulimwambia nani, lini, akafanya nini?

"Lakini ulisaini"

Huu ndio uvumi ulioua madai mengi bila sababu. Mgonjwa anaonyeshwa fomu ya ridhaa yenye saini yake, ndugu wananyamaza, mambo yanaisha.

Fomu ya ridhaa inaruhusu upasuaji. Haimruhusu mtu kuwa mzembe. Kumkabidhi fundi gari yako alirekebishe breki si kumruhusu aliendeshe mtaroni. Hatari ulizoelezwa na ukazikubali, zikitokea bila kosa la mtu, ni zako. Hatari iliyotokea kwa uzembe si yako hata kama imeandikwa kwenye fomu.

Na fomu inaweza kugeuka ushahidi wako. Huko Uingereza mwanamke mmoja alipasuliwa mgongo mwaka 1994, akabaki na neva za chini ya uti wa mgongo zimeharibika. Mpasuaji hakuwa amekosea lolote katika upasuaji wenyewe. Lakini hakumweleza kwamba ilikuwepo hatari ya asilimia 1 hadi 2 ya jambo hilohilo. Mwaka 2004 majaji wa juu wa Uingereza, watatu dhidi ya wawili, walimpa ushindi: angejua, asingekubali kupasuliwa siku ile. Hukumu hiyo, Chester dhidi ya Afshar, haizifungi mahakama zetu, na majaji wawili walioipinga walikuwa na hoja nzito. Ila inaonyesha kwamba kueleza hatari ni sehemu ya kazi ya daktari, na kwamba fomu iliyosainiwa saa kumi na mbili asubuhi, machela ikiwa mlangoni, kwa lugha asiyoisoma mgonjwa, ina udhaifu wake.

Saa mbili zinazokwenda pamoja

Saa ya neva nimeshaieleza. Saa ya sheria ni hii: kwa Tanzania Bara, madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3. Mtoto aliyeumia hupewa nafasi zaidi, kwa sababu muda wake huanza kuhesabiwa akifikisha utu uzima. Waziri mwenye dhamana ya sheria anaweza kuongeza muda kwa hadi nusu yake, lakini hiyo ni hisani ya kuombwa.

Ikiwa hospitali ni ya umma kuna hatua ya ziada. Lazima utoe notisi ya kusudio la kushtaki isiyopungua siku 90, ukieleza msingi wa madai, na nakala ziende kwa Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu wa Serikali. Tangu mabadiliko ya 2020 sharti hili linahusu pia halmashauri, wakala na mashirika ya umma, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye shauri. Ukienda bila notisi, shauri litatupwa kabla ya mtu kuuliza habari za mguu. Anayekumbuka notisi mwezi wa 34 yuko pabaya.

Kenya nako ni miaka 3, ila kwa madai ya namna hii dhidi ya Serikali ni miezi 12 tu. Wengi hulijua hilo mwezi wa 13.

Sasa ziweke saa hizo mbili pamoja. Neva ya nyonga inahitaji siku 800 kufika mguuni. Ukisema utasubiri uone kama itarudi ndipo umtafute wakili, miaka 2 na ushee imekwenda. Ukikimbilia wakili bila kutibiwa, msuli unakufa huku mnaandikiana barua. Vifanyike sambamba, na matibabu yatangulie kwa siku kadhaa: omba kuonwa na bingwa wa mifupa au wa mishipa ya fahamu, ikiwezekana wa hospitali nyingine, na uulize kuhusu kipimo cha umeme wa neva na misuli. Kipimo hicho hakisemi mengi siku za mwanzo. Kuanzia wiki ya tatu hivi ndipo kinaonyesha kama waya umekunjwa au umekatika. Majibu yake yatamsaidia daktari kuamua kama afungue tena, na yatamsaidia wakili vilevile. Mazoezi ya viungo nayo usiyaache, kwa ajili ya mguu kwanza, na pia kwa sababu mahakama humuuliza mdai alifanya nini kupunguza hasara yake.

Faili

Kesi hizi hushinda au hushindwa kwenye karatasi. Omba nakala za faili lako kwa barua, kwa mganga mfawidhi au mkurugenzi wa hospitali, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Unachotaka ni ripoti ya upasuaji, fomu ya ridhaa, karatasi ya mtaalamu wa usingizi inayoonyesha saa na ulalo, na maandishi ya wauguzi ya zamu zote. Hayo ya mwisho watu huyadharau, na ndiyo yanayosema saa ngapi mgonjwa alilalamika. Usiombe "faili lote" kwa mdomo dirishani, utaambiwa kesho.

Ukizungushwa, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake mwenyewe, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Kenya wana sheria ya aina hiyo tangu 2019.

Pamoja na faili la hospitali, tengeneza la kwako: tarehe, majina ya zamu, picha za mguu, ujumbe wa simu, risiti. Risiti hasa. Gharama ulizokwisha kulipa, kama dawa, nauli na magongo, mahakama huzitaka kwa ushahidi, senti kwa senti. Maumivu, ulemavu na kupungukiwa raha ya maisha hukadiriwa na jaji mwenyewe, na makadirio ya kwetu hayafanani na yale kijana wa chuo aliyoyaona kwenye simu.

Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu. Faili, hata hivyo, litakuwa la Kiingereza chenye vifupisho na mwandiko wa daktari aliyekesha. Utahitaji daktari wa kulisoma, na daktari wa kusimama kizimbani aseme kwamba mwenzake alikosea. Huyo wa pili ndiye mgumu kumpata. Mabingwa wa fani moja nchini ni wachache, wamesoma pamoja, wanaazimana vifaa. Siwalaumu sana. Lakini bila shahidi mtaalamu, kesi ya neva karibu haiendi, na wakili anayekuahidi ushindi kabla ya kumpata mtaalamu wa kusoma faili ana haraka na pesa yako.

Mlango upi?

Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya 2017, hushughulikia maadili na leseni. Linaweza kumwonya daktari, kumsimamisha, kumfuta kwenye rejista. Halikulipi fidia. Wauguzi wana baraza lao, na Kenya wana baraza la madaktari na madaktari wa meno. Malalamiko hapo hayahitaji wakili, na uchunguzi wake unaweza kufumbua mambo ambayo usingeyapata peke yako. Ila malalamiko hayo hayasimamishi saa ya miaka 3.

Mahakama, kwa shauri la madai, ndiyo inayotoa fidia. Unatakiwa kuonyesha kwamba maelezo yako yana uzito kuliko ya upande wa pili. Polisi ni mlango wa tatu: Kanuni ya Adhabu inataja mtu anayetoa tiba au kupasua kwa uzembe wa kuhatarisha. Lakini hapo kipimo cha ushahidi ni kikubwa zaidi, na sioni kama mtu mwenye neva iliyovutwa ananufaika kwa kuanzia kituoni.

Wenye uwezo mdogo wasikate tamaa mapema. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo, na mashirika yanayosajiliwa chini yake hutoa ushauri bila malipo, angalau wa kukuambia kama una kesi.

Mengi hayafiki hukumu. Hospitali huita mazungumzo. Daktari akikupa pole, au bili ikisamehewa, usidhani wamekiri kosa. Ni ubinadamu, na pengine ni busara ya mhasibu. Ila ukiwekewa karatasi mezani, isome mpaka chini utafute ile sentensi inayosema kwamba hutakuwa na madai mengine yoyote, sasa na baadaye. Ukiwa mwezi wa nne, neva ya nyonga imesafiri sentimita 12 tu. Hakuna aliyeketi kwenye meza ile, si wewe, si mkurugenzi, si mawakili, anayeweza kujua itafika wapi, na karatasi inakutaka uuze safari nzima leo.